Hajasusa: mwongozo kamili wa kumlisha mbwa aliyeokolewa anayekataa chakula

Umemleta nyumbani jana. Umemtandikia mahali pa kulala, umetafuta chakula kizuri, umejaza bakuli na kulisogeza karibu yake. Amelinusa kwa mbali, akageuza kichwa, akajikunja kwenye kona. Asubuhi bakuli liko vile vile. Mtu wa kwanza kuingia anatoa hukumu: "Amesusa huyo. Mwache, njaa ikimbana atakula."

Mbwa hasusi. Kususa ni kwa binadamu: mtu anajua chakula ni chake, anajua yuko anayemtazama, na anakiacha ili ujumbe ufike. Mbwa aliyehamishwa jana hana ujumbe wowote wa kukupa. Ama hawezi kula, ama mwili wake hautaki, ama anataka lakini hathubutu. Hayo ni mambo matatu, kila moja lina tiba yake, na tiba ya moja huharibu jingine. Kumbembeleza mbwa mwenye jino lililopasuka ni kumtesa. Kumwachia mwenye homa mpaka njaa imbane ni kumpoteza.

Wa kwanza niliyemchukua mimi nilimfuata na bakuli chumba hadi chumba, nikimbembeleza kama mtoto mgonjwa. Kila niliposogea naye alirudi nyuma zaidi. Alikuja kula siku nilipochoka, nikaliacha bakuli ukumbini na kwenda kulala. Mengi ya yaliyomo humu nilijifunza kwake, na kwa waliomfuata.

## Hatua ya 1: Uliza kabla hujamchukua

Kazi huanzia kwenye kituo kinachowatunza mbwa waliookolewa. Waliokuwa wakimhudumia wanajua mambo ambayo wewe utayatafuta wiki nzima: alikuwa akila chakula gani hasa, kikavu au cha kopo, mara ngapi kwa siku na saa ngapi, peke yake au pamoja na wenzake, kwenye bakuli au sakafuni. Uliza lini alipewa dawa ya minyoo na chanjo, kama kuna dawa anayoendelea nayo, na kama amefungwa uzazi siku za karibuni. Dawa za usingizi wa upasuaji, viuavijasumu na dawa za maumivu huweza kumkata mbwa hamu ya kula kwa siku moja au mbili, na ukijua hilo hutatafuta sababu mbali.

Kisha pata chakula kile kile alichokuwa akila, cha kutosha siku kumi, hata kama unakiona duni. Amepoteza harufu, sauti, watu na wenzake wote aliowazoea kwa siku moja. Chakula ndicho kitu pekee unachoweza kuhama nacho bila kukibadilisha.

## Hatua ya 2: Siku tatu za kwanza, maji na utulivu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu jembe lisubiri. Watu wanaookoa mbwa wana kipimo chao cha tatu-tatu: siku tatu za mshtuko, wiki tatu za kuanza kuielewa ratiba ya nyumba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Ni uzoefu tu, si sheria, na wapo wanaowahi na wanaochelewa. Faida yake ni kukukumbusha kwamba mbwa mzima kukosa hamu siku ya kwanza na ya pili ni jambo la kutarajiwa.

Sababu iko ndani ya mwili. Hofu hupeleka damu kwenye misuli na kuipunguza tumboni, kwa kuwa kiumbe anayejiandaa kukimbia hana nafasi ya kumeng'enya. Mwishoni mwa miaka ya 1890 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, akitumia eksirei, aliona tumbo la paka likiacha kusukasuka mara paka alipohangaika, na kuanza tena alipotulia. Mbwa wako akilikwepa bakuli siku ya kwanza, kabla ya kichwa chake kuamua lolote, tumbo limeshafungwa.

Kwa hiyo usihesabu punje za chakula kikavu siku hizi. Hesabu maji. Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yakiwemo yaliyomo kwenye chakula. Wa kilo 10 ni kama nusu lita au zaidi kidogo. Weka mabakuli mawili ya maji, moja karibu kabisa na anapojificha, ili asilazimike kukatiza chumba akiwa na kiu. Weka alama ya kalamu kwenye bakuli uone kama yamepungua.

Usimwogeshe, usialike watu waje kumwona, usimpeleke kutembea mitaani. Mpe chumba kimoja, si nyumba nzima.

Lakini subira ina mipaka, na mipaka hii iandike mahali utakapoiona:

- Asiyekunywa maji saa 24: mpigie daktari wa mifugo.
- Mbwa mzima, mchangamfu, anayekunywa maji lakini hajala kabisa kwa saa 48: mpigie daktari.
- Mzee, au mwenye ugonjwa unaojulikana: saa 24.
- Mtoto wa mbwa: usivuke saa 12. Wale wadogo kabisa wa umbo huishiwa sukari mwilini upesi zaidi. Wakianza kulegea, kutetemeka au kuyumba, paka asali kidogo kwenye fizi na uondoke naye saa ile ile.

## Hatua ya 3: Mchunguze kabla ya kumbembeleza

Hapa ndipo watu wengi huruka, nami naomba usiruke. Asilimia kubwa ya ushauri unaozunguka kuhusu mbwa wasiokula unahusu mbinu za kulisha, ilhali mbwa aliyetoka mtaani au kwenye banda lenye msongamano ana kila sababu ya kuwa mgonjwa. Fanya uchunguzi kwa macho kwanza, kwa mikono akikuruhusu. Asiporuhusu, acha, mwachie daktari.

Anza na swali hili: akiwekewa chakula, anafanya nini? Mbwa anayekikimbilia, akachukua tonge, kisha akaliangusha au akalia, anataka kula na *hawezi*. Fikiria mdomo. Jino lililovunjika, fizi zilizooza, kipande cha mfupa kilichokwama kwenye kaakaa, kidonda ulimini. Hutafuna upande mmoja, huinamisha kichwa, hudondosha mate yenye damu au harufu kali. Huyu mlainishie chakula kwa maji ya uvuguvugu mpaka kiwe uji mzito, na mpangie miadi ya daktari bila kuchelewa.

Mbwa anayekaribia chakula, akanusa, kisha akajilamba midomo, akameza mate mara kwa mara, akatokwa na udenda na kugeuka, ana *kichefuchefu*. Wengine hutafuta nyasi za kula. Mwili ndio unaokataa. Nyuma ya kichefuchefu panaweza kuwa na minyoo, figo, ini, kongosho, au kitu alichokimeza akiwa na njaa huko alikotoka: kamba, kitambaa, gunzi, plastiki. Usimwekee chakula akipendacho kuliko vyote akiwa katika hali hii. Mbwa huunganisha ladha na kuugua. Ukimlisha kitamu chako akiwa na kichefuchefu, huenda asikiguse tena hata akipona, nawe utakuwa umepoteza silaha yako nzuri kuliko zote.

Kisha inua mdomo wa juu utazame fizi. Za mbwa mwenye afya ni za waridi na zina unyevu (wapo wenye fizi nyeusi kwa asili; kwa hao tazama ndani ya ukope wa chini). Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zilizopauka pamoja na mkojo wenye rangi ya chai nzito ni dalili za kutisha za homa za kupe, na mbwa wengi wa kuokolewa wamebeba kupe kabla ya kukujia. Fizi zinazonata zinaonyesha maji yamepungua mwilini. Kile kipimo cha kuvuta ngozi ya shingo ukaona kama inarudi upesi usikiamini sana kwa mbwa aliyekonda, kwani ngozi yake haina mafuta chini na itachelewa hata akiwa na maji ya kutosha.

Mbwa anayekohoa na kutokwa makamasi huenda hasikii harufu, na kwa mbwa chakula kisicho na harufu si chakula. Jike ambaye hajafungwa uzazi, aliyepita joto mwezi mmoja au miwili nyuma, anayekunywa maji kupita kiasi na hali chakula, apelekwe siku hiyo hiyo: kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha, hata kama hakuna kinachotoka nje.

Kuna dalili ambazo hazisubiri miadi wala asubuhi. Kutapika mfululizo. Kuharisha damu, hasa kwa mtoto wa mbwa, ambako parvo, ugonjwa hatari wa virusi vya utumbo, ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Tumbo lililovimba huku anajitahidi kutapika na hakitoki kitu. Kushindwa kusimama, kupumua kwa shida, fizi nyeupe, za bluu au za manjano. Ukiona mojawapo, mwongozo huu uweke pembeni na uende.

Hata asipoonyesha lolote kati ya hayo, mbwa wa kuokolewa anastahili kuonwa na daktari ndani ya wiki ya kwanza. Beba kinyesi kibichi kwenye kichupa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hiyo usitishike daktari akitaja 38.8. Na usimpe dawa yako ya maumivu ukidhani unamsaidia: ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa, nayo parasetamoli kipimo kikikosewa huua ini.

## Hatua ya 4: Aliyekonda mpaka mifupa, usimshibishe

Huruma inaweza kuua hapa, na ninasema hivyo kwa uzito wote. Kama unaona mbavu, uti wa mgongo na nyonga ukiwa mbali, na paja halina nyama, mbwa huyo amekuwa akiishi kwa kula mwili wake mwenyewe. Ukimjazia chakula ghafla, insulini hupanda kwa kasi na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza kwenye seli. Damu hubaki bila madini hayo. Misuli hulegea, pumzi hubana, moyo hupoteza mapigo. Madaktari waliliona jambo hili kwa wingi kwa binadamu baada ya vita kuisha mwaka 1945, pale wafungwa waliodhoofishwa kwa njaa walipokombolewa, wakala, na baadhi wakafa. Kwa mbwa ni vile vile, na siku tano za mwanzo ndizo za hatari zaidi.

Huyu aanze kwa daktari, apimwe damu, na daktari apange kiasi. Ili uelewe atakachokuambia: kuna kiwango cha kalori ambacho mwili hutumia ukiwa umelala tu. Kwa mbwa wa kilo 5 ni takriban kalori 235 kwa siku, kilo 10 ni 395, kilo 20 ni 660, kilo 30 ni 900. Hesabu ifuate uzito alio nao leo, si ule unaotamani awe nao. Mara nyingi huanzwa na robo ya kiwango hicho siku ya kwanza, kikipandishwa pole pole kwa siku tatu hadi tano mpaka kifike kamili, kikigawanywa milo minne hadi sita. Mbwa wa kilo 10 kwa hiyo atapata kalori kama 100 siku ya kwanza, ambazo ukiziona kwenye sahani utadhani unamnyima. Atakuomba zaidi. Atakutazama. Shikilia kipimo.

## Hatua ya 5: Badilisha mahali na chombo

Sasa tuseme daktari amemwona na hana ugonjwa. Amebaki yule wa tatu, *asiyethubutu*. Kwa huyu, kabla ya kubadilisha kilichomo ndani ya bakuli, badilisha bakuli lenyewe na linapokaa.

Lala sakafuni, kweli kabisa, utazame chumba kutoka urefu wa macho yake. Mbwa anapoinamisha kichwa kula haoni kinachokuja nyuma. Kama bakuli liko ukutani, atakula akiupa mlango mgongo, na mbwa aliyewahi kupigwa au kung'atwa akiwa anakula hatakubali. Ligeuze ili ukuta uwe nyuma yake na mlango uwe mbele. Liondoe jikoni penye vishindo, liondoe njia ya watu, liweke mbali na mashine yoyote inayonguruma. Sakafu ikiteleza, tandika kitambaa. Wapo wanaoogopa kuteleza kuliko wanavyopenda kula.

Bakuli la bati hupiga kelele kibao cha shingoni kinapoligonga, na huakisi kivuli cha mbwa mwenyewe kikicheza. Bakuli lenye kina humfunika macho. Jaribu sahani bapa, kipande cha boksi, taulo, au sakafu tupu. Aliyeishi mtaani huenda hajawahi kula ndani ya chombo chochote maisha yake yote, na kwake chakula ni kitu kinachookotwa. Mwagia kiganja cha punje kwenye nyasi au mkekani uone kama pua haitaanza kazi.

Akichukua tonge akakimbia nalo kwenda kulila kwenye kona yake, mwache. Usimrudishe bakulini kumfundisha adabu. Amechagua pa kulia, na kesho sogeza bakuli kuelekea huko huko.

## Hatua ya 6: Jiondoe wewe

Hii ndiyo hatua ngumu kwa mtu mwenye upendo. Weka chakula, geuka, ondoka chumbani. Usichungulie mlangoni. Kwa mbwa, kukodolewa macho akiwa na chakula ni tishio, hata macho yakiwa yamejaa huruma. Usiku wa kwanza mwachie chakula kikavu mpaka asubuhi. Nyumba ikilala ndipo wengi wao hula. Chakula chenye maji usikilaze, kiondoe baada ya saa mbili hivi.

Watu hupenda kumlisha mbwa mwoga mkononi, wakiamini ndiyo njia ya kujenga urafiki. Mimi sikubaliani, angalau mwanzoni. Ukishika chakula kitamu mkononi unamlazimisha achague kati ya njaa na hofu. Njaa ikishinda atanyoosha shingo, atanyakua na kuruka nyuma, na alichojifunza ni kwamba chakula kinampeleka mahali pa hatari. Siku nyingine atakishuku chakula chenyewe. Badala yake kaa chini ubavu ukiwa umemwelekea, tazama pembeni, na umtupie kipande *nyuma yake*, ili kula kumpe umbali badala ya kumwondolea. Atakirudia cha pili kwa hiari yake. Kila siku utaona anasimama karibu kidogo zaidi kuliko jana, na wewe hujasogea hata kidogo.

Siku atakapokula ukiwepo, usipige makofi, usimsifu, usiite watu waje waone. Endelea na ulichokuwa ukifanya.

## Hatua ya 7: Sasa chakula

Mbwa ana vionjo vya ladha takriban 1,700 ulimini dhidi ya 9,000 hivi vya binadamu. Anakula kwa pua. Kwa hiyo ongeza harufu kabla ya kuongeza ladha. Loweka punje kwa maji ya uvuguvugu dakika kumi, au pasha chakula cha kopo kifike joto la mwili, si zaidi, ukikoroge na kukijaribu kwa kidole pasibaki sehemu ya moto. Mara nyingi hilo pekee hutosha.

Lisipotosha, ongeza kijiko cha nyama ya kuku iliyochemshwa bila mafupa, ngozi wala chumvi, au yai lililoiva, au mchuzi mtupu wa nyama. Kijiko kimoja au viwili, si nusu ya bakuli. Mafuta mengi kwa tumbo lisiloyazoea yanaweza kuvimbisha kongosho. Mchuzi wa sufuria ya nyumbani usimwagie, kwani karibu wote una vitunguu, na vitunguu, viwe maji au saumu, vibichi au vilivyoiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu, mbichi au kavu, chokoleti, na mifupa iliyopikwa visifike kwake. Ukichanganya siagi ya karanga soma kibandiko kwanza: utamu bandia uitwao zailitoli, unaoandikwa pia E967, hushusha sukari ya mbwa ghafla na huweza kumuua.

Kosa moja dogo huharibu kazi ya wiki nzima: kuficha kidonge kichungu ndani ya mlo wake. Akikiuma mara moja atalishuku bakuli lote. Dawa ipewe kando, ndani ya tonge dogo, saa nyingine, mahali pengine.

Na usimlazimishe kwa bomba la sindano. Chakula kinaweza kuingia mapafuni, na hata kisipoingia, mikono yako itakuwa imekuwa kitu cha kuogopwa. Daktari akiona mbwa anahitaji kusaidiwa, zipo dawa za kuzuia kichefuchefu na za kuamsha hamu ya kula, na upo mrija wa kulishia. Ni afadhali mara kumi.

Kubadilisha chakula kuelekea unachotaka wewe kusubiri mpaka awe anakula vizuri siku tano mfululizo na kinyesi chake ni kigumu. Hapo changanya robo ya kipya na robo tatu ya cha zamani kwa siku mbili au tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, mpaka siku ya saba hadi ya kumi. Akiharisha, rudi hatua moja.

## Hatua ya 8: Ratiba, akishatulia

Wiki ya pili au ya tatu, mbwa akiwa amelegea mwili, analala chali, anakupokea mlangoni, achana na kumwachia chakula kutwa nzima. Mpe milo miwili au mitatu kwa saa zile zile, dakika 20 kila mmoja, kisha ondoa bakuli bila maneno mpaka mlo unaofuata. Ratiba hii usiianze siku za mwanzo. Kwa mbwa mwenye hofu, bakuli linaloondoka ni hofu juu ya hofu.

Hapa pia ndipo unapopunguza vitamu vya kuongezea. Ikiwa kila akikataa unaleta kitamu zaidi, mbwa mwenye akili timamu atasubiri. Vipande vya zawadi visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku.

Weka daftari. Tarehe, alichokula, maji, kinyesi, kutapika. Mpime uzito kila wiki: panda mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe tofauti. Wasiwasi husahaulisha, daftari litakuonyesha kwamba wiki iliyopita alikula robo na leo nusu, na litampa daktari picha ambayo kumbukumbu yako haiwezi kumpa.

## Anayefakamia, na anayelinda bakuli

Wapo walioathirika kwa upande wa pili. Anakula kama anayefukuzwa, anapaliwa, anacheua, analamba bakuli mpaka linasafiri chumba kizima. Huyu amewahi kuishi mahali ambapo mwenye kuchelewa hukosa. Mgawie milo minne midogo. Tandaza chakula kwenye sinia pana, kikunje ndani ya taulo, au weka katikati ya bakuli jiwe laini kubwa kuliko mdomo wake ili alizunguke. Asikimbizwe wala kuchezeshwa saa nzima baada ya kula, hasa akiwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kwani hao ndio tumbo lao hujaa hewa na kujipinda.

Kulinda bakuli ni jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi. Dalili za mwanzo hazina sauti: anaganda, anashusha kichwa juu ya chakula, anaharakisha kula, jicho linakutazama kwa pembeni mpaka weupe unaonekana. Baadaye ndipo ananguruma. Usimwadhibu kwa kunguruma. Ngurumo ni onyo. Ukilifuta onyo utabaki na meno. Na ule ushauri wa zamani wa kutia mkono bakulini au kumnyang'anya chakula ili ajue nani bwana unamthibitishia kile kile alichokiogopa.

Fanya hivi. Akiwa anakula, pita kwa umbali ambao hagandi, hata kama ni mita nne. Ukipita, tupa kipande cha kitu kitamu kuliko kilichomo bakulini, na uendelee na safari yako bila kusimama. Rudia mara tano kwa mlo. Siku akianza kukutazama kwa furaha unapokaribia, punguza nusu mita. Akiganda, umewahi mno, rudi ulikotoka. Kazi hii ni ya wiki kadhaa. Ukiogopa, au akiwa amekwisha kumng'ata mtu, tafuta mtaalamu wa tabia za mbwa anayefundisha kwa zawadi, si kwa kipigo wala mikanda ya kubana shingo.

Watoto wasiwepo anapokula, mlango ufungwe, bila ubaguzi na bila "leo tu". Mbwa wengine wale chumba kingine, na mabakuli yote yaondolewe kabla ya milango kufunguliwa. Mara nyingi mbwa mgeni "asiyekula" anakula vizuri kabisa mara mwenyeji wake akitolewa chumbani. Alikuwa akimwachia mwenye nyumba.

## Akirudi nyuma

Atarudi nyuma. Siku ya radi, wageni wakija, joto kali likiingia, ukisafiri siku mbili, ukihamisha kabati. Atapita bakuli kama siku ya kwanza. Usibadilishe chakula. Tazama fizi, tazama maji, soma daftari; kama mwili hauna neno, rudisha bakuli kwenye kona yake ya mwanzo, lowesha punje kwa maji ya uvuguvugu, na uondoke chumbani.